Kamau wa Voi: yule tuliyemsahau

Sisi wa Majengo Voi twaijua kama pahali basi la Nairobi husimama. Unashuka, unanunua chai, unarudi kwa kiti chako. Safari ijayo ukifika pale, kumbuka jina moja: Kamau.

Hadithi yenyewe wengi mwaijua nusu. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa akiongoza matajiri kwenye safari za uwindaji, alikuwa mpenzi wa Karen Blixen. Blixen akaandika kitabu, Out of Africa, 1937. Mwaka 1985 Hollywood ikakifanya filamu, ikazoa Oscar 7.

Sasa njoo huku kwetu. Finch Hatton alikuwa na nyumba Takaungu, ukipita Vipingo kabla ya daraja la Kilifi. Mei 1931 aliruka na ndege yake ndogo, Gipsy Moth yenye viti viwili, kuja Pwani, halafu aende Voi kutafuta ndovu kutoka angani. Blixen alitaka kwenda naye. Akakataliwa: safari itakuwa ngumu, huenda walale porini, kwa hivyo lazima abebe mtumishi. Rubani Beryl Markham naye alialikwa, lakini kwa maelezo yake mwenyewe, mwalimu wake wa urubani alimwomba angoje siku moja. Kiti kikawa cha Kamau.

Hapo ndo pananiuma. Markham aliweza kusema naenda au siendi. Kamau alikuwa kazini.

Asubuhi ya Mei 14 ndege ilipaa kutoka Voi, ikazunguka, ikaanguka na kuwaka moto. Wote wawili wakafa.

Kwa nini? Mpaka leo hakuna jibu la uhakika. Inasimuliwa kwamba ilipotua Pwani jiwe la matumbawe liliharibu propela, ikabidi nyingine iletwe kutoka Nairobi. Je, ndiyo chanzo? Hakuna aliyethibitisha. Au alikata kona akiwa chini? Ndege ndogo ikipinda na mwendo mdogo, mabawa hushindwa kuibeba, na ikiwa chini hakuna nafasi ya kuiokoa. Lakini moto ulikula ushahidi, na enzi hizo hakukuwa na kisanduku cha kurekodi safari.

Finch Hatton alizikwa vilima vya Ngong, kaka yake akamjengea mnara. Kamau amebaki jina moja tu.

Mbona nayaleta leo? Manake Oktoba 28, 2025, ndege ndogo iliyotoka Diani kwenda Mara ilianguka Kwale. Watu 11 wakafa, watalii 10 na rubani. Siku hizi kuna kanuni za kimataifa: nchi ichunguze, ripoti ya mwanzo itoke ndani ya siku 30, na lengo si kutafuta wa kulaumiwa, ni kuzuia nyingine isianguke vivyo hivyo. Sisi je? Tulisambaza video, tukaandika "ajali haina kinga", tukaendelea na maisha.

Sawa, ajali haina kinga. Lakini ya pili unaweza kuizuia ukijua ya kwanza ilisababishwa na nini.

Kamau hakupata jibu. Hawa wa Kwale wanastahili ripoti kamili, na ikitoka tuisome mpaka mwisho, kama tulivyotazama zile video.