Padeporte haijawa mapato: toka nyumba ya Kampemba mpaka migodi ya Katanga



Kwetu Kampemba, ukitaka kupanga nyumba unatoa kwanza garanti, miezi kadhaa kwa mara moja. Siku mpangaji wetu alihama, alikuja kuomba garanti yake ya miezi sita. Baba akaangalia chini. Mama njo alijibu: «Mwanangu, ile makuta tulishakulaka.»

Mimi nilikuwa mwaka wa pili kwenye kontabilite. Nikafungua daftari ya nyumba. Garanti ilikuwa imeandikwa pamoja na kodi, mstari mmoja, neno moja: «imeingia». Kosa lilikuwa pale. Hakuna aliyeiba. Pesa ya mtu mwingine iliandikwa kama yetu, halafu tukaila kama yetu.

Swali lile sikuliacha: pesa ikiingia mkononi, inakuwa mapato siku gani? Waliolipa sana juu ya swali hili ni watu wanaouza jina la biashara yao, ile tunaita franshizi. Mwenye jina anakupa jina, mapishi na mafunzo. Wewe unafungua duka kwa pesa yako. Unamlipa mara mbili: kwanza ada ya kuingia, kisha mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo yako, mwezi kwa mwezi. Sisi hapa tunasema redevansi.

Miaka ya 1960, Marekani, biashara hii ilipanda kama moto wa majani. Mjini Nashville kulikuwa na kampuni ya kuku wa kukaanga, Minnie Pearl's. Iliuza haki za maduka mengi sana, na mengi kati yao hayakuwa yamefunguliwa. Ada za kuingia ziliandikwa kuwa mapato mara tu mkataba ulipouzwa, hata kama sehemu kubwa ya pesa ilikuwa bado ahadi kwenye karatasi. Kwenye hesabu faida ilikuwa nene, na hisa zikapanda bei. Miaka michache tu, kampuni ikaanguka. Kuku hawakuwa shida. Faida ilihesabiwa kabla ya kuku kuuzwa.

Juu ya mambo kama hayo, mwaka 1973 wahasibu wa Marekani walitoa mwongozo, na mwaka 1981 ukawa kanuni kamili: ada ya kuingia haiwi mapato mpaka mwenye jina amalize kazi kubwa aliyoahidi, na mara nyingi hiyo ni siku duka linafungua mlango. Tangu 2018, kanuni ya kimataifa IFRS 15 na ndugu yake ya Marekani zimekaza zaidi. Zinauliza: ada hii imelipia kitu kinachosimama chenyewe, au ni bei ya kutumia jina tu? Kama ni bei ya kutumia jina, inagawanywa kwa miaka yote ya mkataba.

Tufanye hesabu. Ada ni dolari 20.000, mkataba miaka 10. Kila mwaka mwenye jina anaandika mapato 2.000. Mwisho wa mwaka wa kwanza, 18.000 zinabaki upande wa madeni: bado anadaiwa miaka tisa ya jina. Mrabaha ni jambo lingine. Duka limeuza 30.000 mwezi wa kwanza, mrabaha ni 5 kwa mia: 1.500. Hizo ni mapato ya mwezi wa kwanza, hata kama zitalipwa mwezi wa pili. Sisi tulioingia OHADA mwaka 2012 tunajua konti 477 ya SYSCOHADA: mapato yaliyopokelewa kabla ya wakati wake. Shuleni ilikuwa namba ya kukariri tu. Kumbe garanti ya mpangaji wetu haikustahili hata 477. Ile ilikuwa deni tupu, ya kurudisha.

Sasa turudi Katanga. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476.000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30.000. Wafanyakazi walikaa miezi na miezi bila mshahara, na zaidi ya 10.000 wakaondoka kwa ule mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Katika njaa hiyo Gécamines ilifungua migodi yake kwa washirika. Ilipokea nini? Padeporte ya kuingia, na mrabaha wa mauzo. Sura ni ya franshizi, ila jina halipungui likitumiwa. Shaba inakwisha.

Angalieni mikataba miwili. Mwaka 2010, kwa mradi wa Tenke Fungurume, walikubaliana dolari milioni 30 za nyongeza, zilipwe kwa awamu sita kila uzalishaji unapofika kiwango fulani. Pale pesa inangojea kazi. Kwa KCC, Kolwezi, Gécamines ilikuwa na mrabaha wa 2,5 kwa mia. Mwaka 2015 haki hiyo ilihamishwa kwa kampuni ya kundi la Fleurette, la mfanyabiashara Dan Gertler. Baada ya hapo KCC iliuza shaba na kobalti, na mrabaha ukaenda kwingine.

Sisemi kila padeporte ni ubaya. Mwenye watoto wenye njaa hangojei miaka kumi. Lakini kuna tofauti kati ya kula ukijua unakula kesho, na kula ukiamini ni ya leo kwa sababu daftari imesema «imeingia». Hiyo tofauti, kazi ya kuionyesha ni ya mhasibu. Ni yetu.

Nyumbani, tulimrudishia mpangaji garanti yake kidogo kidogo, miezi minane, kwa kodi ya mpangaji mpya. Garanti ya huyo mpya Mama aliiweka mbali, na daftari sasa ina kurasa mbili: «yetu» na «yake».

Bandugu, kwenu daftari ina kurasa ngapi?