Unataka Kuacha Kazi ya IT Uwe Kontrakta? Piga Hesabu Hizi Kabla Uandike Barua

Uko IT hapa Nairobi, umeajiriwa pamanenti, peslip inasoma 120,000. Halafu msee mlisoma na yeye anakushow vile anatengenezea kampuni fulani mfumo kwa 200,000 ya mwezi. Hana bosi na anaamka saa tatu. Usiku huohuo unafungua lapi kuandika barua ya kuacha kazi.

Tulia kwanza. Hizo doo haziingiangi vile unadhani.

1. Siku za kulipwa zinapungua

Wiki 52 mara siku 5 ni siku 260. Ukiwa umeajiriwa unalipwa zote, hata ukiwa kwa zile siku 21 za likizo sheria inakupatia. Kontrakta hulipwa akiwa ameshika kazi pekee. Kwa hivyo toa 21 za likizo, kama 12 za sikukuu na 7 za ugonjwa. Umebaki na 220. Toa zingine 50 za kutafuta kazi na kungoja majibu. Ziko 170.

Sasa mshahara wako wa mwaka ni 1,440,000. Ongeza tuseme 270,000 za vitu bosi alikuwa analipia bila wewe kuona: bima ya familia, lapi, intaneti, stima. Jumla 1,710,000. Gawanya kwa 170, unapata kama 10,000 kwa siku. Wasee wengi hugawa mshahara kwa 260, wanaitisha 5,500, halafu wanashangaa mbona wanaishi kwa Fuliza.

2. Wewe na KRA mnaanza kuongea ana kwa ana

Zamani HR ndiye alikuwa anakata PAYE. Sasa mteja akikulipa 24,000 kwenda juu kwa mwezi, anakata 5% na kuipeleka KRA. Invoisi ya 200,000 inaingia 190,000. Hapa ndio watu huchomeka, juu wanadhani hiyo 5% imemaliza deni. Hayo ni malipo ya mbele tu. Kufikia 30 Juni lazima ujaze ritani ya mwaka uliopita, na viwango ni vilevile vya PAYE: vinaanza 10% na vinafika 30% haraka. Ile 5% inatolewa kwa jumla, inayobaki ni yako kulipa.

Kodi yako ya mwaka ikizidi 40,000, KRA inataka uilipe kwa awamu, kufikia tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Na usidanganywe eti utalipa ile 3% ya biashara ndogo. Hiyo haihusu ada za kitaalamu. Kila invoisi ikilipwa, hamisha robo yake kwa akaunti ingine na usahau iko.

Jisajili eTIMS pia. Tangu 1 Januari 2024, kampuni ikitaka kuhesabu malipo yako kama gharama inahitaji invoisi ya eTIMS. Bila hiyo, yako itakaa kwa droo. SHA na NSSF pia ni juu yako, na hakuna bosi wa kuongeza nusu ya NSSF.

3. Soma kontrakti kabla usaini

Mimi niliacha campo nikaanza kuandikia watu kwa kontrakti. Mteja wa kwanza alinikalia na pesa zaidi ya miezi miwili, na hakuvunja makubaliano yoyote juu hatukuwa tumeandika siku ya kulipa. Landlord hakutaka kuskia hiyo stori.

Kwa hivyo andika: deposit ni ngapi, invoisi inalipwa ndani ya siku ngapi, kazi ya ziada inalipwa aje, na notisi ni ya muda gani. Pia andika programu ni ya nani. Sheria ya hakimiliki ya Kenya huhesabu kazi iliyoagizwa kuwa ya aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Weka mstari mmoja: inakuwa yake malipo ya mwisho yakiingia.

Na kama mteja wako pekee ni bosi wako wa zamani, saa zilezile, dawati lilelile, hapo umerudi kazini bila likizo na bila bima. Itisha pesa inayotoshana na hiyo hasara.

4. Toka na heshima

Kama unalipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi ya siku 28, ama zaidi kama mlikubaliana hivyo. Itisha cheti cha utumishi, ni haki yako. Angalia kama barua ya ajira inakukataza kugusa wateja wa kampuni.

Halafu kuna loan ya Sacco na HELB. Zilikuwa zinakatwa kwa peslip, sasa ni wewe ukumbuke. Usipolipa Sacco, walioweka sahihi kukudhamini ndio watakatwa, na hao ni wasee mlikuwa mnakula lunch pamoja.

So, uache ama usiache?

Kama uko na kodi ya keja na chakula ya miezi 6 kwa akaunti, na mteja mmoja ameshasaini, andika hiyo barua. Kama ni hasira ya bosi tu, lala. Asubuhi piga hesabu tena.