Jaribu kinga ya umeme, usijaribu cheche

Huku Kiirua, kaunti ya Meru, ninakofanya kazi kwa sasa, usiku ni baridi, hita huwaka hadi alfajiri, na nyumba za mbao si haba. Jirani yangu aliyewekewa kinga ya cheche aliniuliza kama agusanishe nyaya mbili aone iwapo inafanya kazi. Nilimwambia asithubutu. Nanyi wa Pwani nawaambia vivyo hivyo, maana chumvi ya bahari hula viungio vya nyaya zetu.

Kwanza tutofautishe vifaa vitatu. Breka ya kawaida hukata stima mzigo unapozidi au nyaya zinapogusana. RCD hukata stima inapovuja kwenda ardhini, hata kupitia mwili wa mtu. Ya nyumbani aghalabu ni ya miliampia 30. Kinga ya cheche, iliyoandikwa AFDD au AFCI, hutambua cheche za skrubu iliyolegea au waya uliotafunwa na panya. Cheche hizo zaweza kuunguza mbao ilhali breka haioni mzigo wowote uliozidi. Kanuni za Marekani za 1999 ziliagiza kinga hii vyumbani mwa kulala kuanzia 2002. Kwetu bado ni nadra.

Kuijaribu, mara moja kwa mwezi:

1. Zima kompyuta, waarifu wa nyumbani, shika tochi.
2. Hakikisha stima ipo. Bila stima kitufe hakitafanya kitu.
3. Bonyeza kitufe kilichoandikwa T au TEST. Swichi ianguke papo hapo.
4. Hakikisha taa na soketi zake zimezimika, kisha irudishe juu.

Isipoanguka, au ikikataa kurudi, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA.

Kitufe huonyesha kwamba kifaa ki hai tu. Hakisemi kama waya wa ardhini ni mzima wala kama skrubu zimekazwa. Hiyo ni kazi ya fundi na vipimo vyake. Vijaribio vya kuchomeka kwenye soketi navyo haviigizi cheche halisi: visipoangusha swichi lakini kitufe kikaiangusha, si lazima kinga iwe mbovu.

Na ikianguka yenyewe mara kwa mara, usiiondoe upate usingizi. Huenda inakuamsha kabla ya moto. Tahadhari kabla ya hatari.