Askari katika Filamu: Mahjub bin Adam na Kumbukumbu za Vita vya Mrima

Anayetayarisha filamu ya makala kuhusu vita vya Wajerumani katika Mrima hukuta ushahidi wa namna mbili usiolingana. Picha nyingi zilipigwa na upande ulioshinda. Sauti ya waliovamiwa imehifadhiwa kwa Kiswahili, hasa katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, uliochapishwa mwaka 1955. Hoja yetu ni kwamba askari, aliyesimama kati ya pande hizo mbili, hawezi kueleweka kwa picha pekee.

Tuchukue Majubs Reise, filamu ya Eva Knopf ya mwaka 2013. Inamhusu Mahjub bin Adam Mohamed, mwana wa askari Msudani, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kupigana upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, akadai malimbikizo ya mshahara wake na wa babaye. Wizara ya mambo ya nje ikamkatalia. Huko alisaidia kufundisha Kiswahili chuoni na kuigiza katika filamu. Mojawapo, ya mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, yuleyule aliyeanzia Saadani Novemba 1884 kwenda bara kutafuta mikataba. Mwaka huohuo wa 1941 Mahjub alikamatwa, naye akafia katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Knopf anaunganisha upya maisha yake kutokana na vipande vya filamu ambamo huonekana pembeni, mara nyingi kama mtumishi.

Mbinu hiyo ina nguvu: inayageuza macho ya mtazamaji kutoka kwa mhusika mkuu hadi kwa mtu aliyewekwa pembeni. Hata hivyo, mtazamaji wa Bagamoyo ana swali jingine. Mei 1889 jeshi la Wissmann, ambalo askari wake wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, liliiteka kambi ya Bushiri bin Salim al-Harthi karibu na mji huo. Desemba Bushiri alinyongwa Pangani. Kwa waliomfuata Bushiri, askari alikuwa adui. Berlin, mwana wa askari alikuwa mdai asiyelipwa na hatimaye mfungwa. Filamu itakayotengenezwa Mrima italazimika kubeba yote mawili, tena kwa lugha ambayo Hemedi aliitungia na Mahjub aliifundishia. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina maandishi ya Kiswahili pia, lakini yanawakumbuka waliomtumikia mfalme wa Uingereza. Mahjub na babaye hawamo.