Ombi la katizo

Kompyuta ya Linux yenye kadi moja ya mtandao inafanya kazi vizuri. Fundi anachomeka kadi ya pili ili mashine iwe lango kati ya ofisi na intaneti, anawasha, na kadi zote mbili zinanyamaza. Kwenye mashine za zamani zenye nafasi za ISA, mara nyingi chanzo kilikuwa kitu ambacho miongozo ya Linux hukiandika kwa herufi tatu tu: IRQ. Napendekeza tukiite ombi la katizo.

Pakiti ikifika, kadi haisubiri kuulizwa. Inapeleka ishara kwa kichakataji, nacho kinaacha kazi iliyo mkononi, kinaweka kumbukumbu ya pale kilipofikia, kinaihudumia kadi, kisha kinarejea kwenye kazi yake. Hilo ndilo katizo, kama mtu anavyomkatiza mwenzake usemi. Ni ombi kwa sababu kerneli inaweza kulizuia kwa muda. Neno usumbufu halifai hata kidogo, maana bila makatizo kichakataji kingelazimika kuiuliza hata kibodi kila mara.

PC ya IBM ya 1981 ilikuwa na njia 8 za maombi hayo. Modeli ya AT ya 1984 ilizifikisha 16, lakini moja ilitumika kuunganisha chipu mbili zinazoyasimamia, zikabaki 15. Saa ilishika 0, kibodi 1, diski 14. Kwenye ISA vifaa viwili kwa kawaida haviwezi kutumia njia moja, na kadi mbili za mtandao za NE2000 za toleo moja ziliweza kutoka dukani zimepangwa sawasawa, njia ileile na anwani ileile. Anwani, yaani mahali kichakataji kinapoipata kadi, nayo huleta mgongano wake: ni kama nyumba mbili zenye namba moja ya mlango, barua ya huku inapokewa kule.

Dawa yake ni kusoma /proc/interrupts na /proc/ioports kuona kilichokwisha kushikwa, kisha kupanga upya kadi moja kwa jampa zake au kwa programu ya mtengenezaji. Tuseme ya kwanza ikae njia 10, anwani 0x300. Ya pili njia 11, anwani 0x320. Halafu kerneli iambiwe:

modprobe ne io=0x300,0x320 irq=10,11

Kama kiendeshi kimejengwa ndani ya kerneli, kerneli ya zamani huacha kutafuta ikishaipata kadi moja. Hapo huongezwa ether=11,0x320,eth1 kwenye mstari wa kuwashia.

Nafasi za PCI, zilizofuata ISA, ziliruhusu njia moja itumiwe na vifaa kadhaa, kila kiendeshi kikiangalia kama kilichoita ni kifaa chake. Siku hizi kadi nyingi hazitumii tena waya wa pekee. Huandika ujumbe mfupi kwenye anwani maalumu. Ndiyo maana nalipendelea ombi kuliko njia: njia imeondoka, ombi lipo. Ukikuta kadi mbili za PCI zina namba moja kwenye /proc/interrupts, usizichomoe. Hilo peke yake si kosa. Kagua kwanza kiendeshi, kebo na mipangilio ya anwani za IP.