Muziki wa Ufukweni Haukuzaliwa na Maji

Wapenzi wa gitaa laini za Kijapani hudhani ufukwe ndio uliozaa muziki wa ufukweni. Sikubali. Wimbi la gitaa za umeme liliivamia Japani baada ya The Ventures, bendi ya Kimarekani, kuizuru mwaka 1965. Mombasa nako, bendi ya Them Mushrooms ilitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, ikipiga katika hoteli za watalii. Palipo na mgeni, awe wa kuburudisha au wa kuburudishwa, muziki huo huja. Mtu atauliza: je, wavuvi hawaimbi? Huimba, lakini wimbo wa kuvuta nyavu ni kazi, si mapumziko, na mchanga wa Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ni wa kuanikia samaki wadogo waitwao ndagala. Hata rumba isikikayo huko na Mutarule, kwenye uwanda wa Ruzizi, ilikulia Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville, miji ya mtoni, kutokana na santuri za Kuba.