Rimu ya karatasi na rimu ya gari

Mzazi akisikia “rimu” shule zinapofunguliwa, anawaza karatasi 500. Fundi wa gereji anawaza chuma kinachovaa tairi.

Tairi nalo limevuka mipaka yake. Ni mpira tu, lakini gurudumu zima likichomoka barabarani watu husema “tairi limechomoka”. Gurudumu lenyewe limehamia majukwaani, linasukumwa kila siku, eti la maendeleo.

Ulegevu huo wa maneno humponza mwenye gari la zamani. Anayeulizia “rimu 13 ya nati nne” kwa ajili ya Corolla KE70, ile DX ya miaka ya 1980, anaweza kupewa ya Corolla nyingine, AE100. Kwa macho ni pacha: inchi 13, matundu manne. Weka futi kamba kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili: ya KE70 ni milimita 114.3, ya AE100 ni 100 kamili. Haiingii, na fundi anayetanua matundu kwa tupa anatafuta ajali.

Basi mnunuzi ataje umbali huo pamoja na inchi, au abebe rimu kuukuu hadi dukani.